Uchungu wa Kahawa Una Wazazi Wengi

Mtu akisema "kahawa hii chungu," bado hajasema kitu. Ni sawa na mgonjwa anayefika kwa daktari akasema anaumwa, basi. Unaumwa wapi? Tangu lini? Jirani yangu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, bibi mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Hajati, amekunywa kahawa kwangu kwa miaka, na hukumu yake ilikuwa hiyo hiyo kila mara: chungu. Kisha mkono unakwenda kwenye kopo la sukari, vijiko vitatu, na mazungumzo yanaendelea. Sikuwahi kumlaumu. Kahawa yangu ilikuwa mbaya kweli. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wiki hii ilikuwa mbaya kwa sababu hii, wiki ijayo kwa sababu ile, na mimi nilikuwa nikizitibu zote kwa dawa moja: kununua kahawa nyingine.

Bahati nzuri Kiswahili hakina umaskini wa maneno hapa. Uchungu ni ule wa muarobaini. Uchachu ni wa ndimu na maziwa yaliyoganda. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi, ulimi unakauka na kujikunja kama umepakwa chokaa. Na ukali ni jambo jingine kabisa: chai kali ni chai iliyojaa majani, wala si lazima iwe chungu. Ongeza harufu mbili ambazo si ladha lakini huingia kikombeni, yaani moshi na ukungu, utaona kuwa ile "chungu" ya Hajati ilikuwa gunia lililofungiwa vitu sita. Kila kimoja kina mahali kilipozaliwa. Kimoja shambani, kingine kwenye moto, kingine kabatini, na vingi zaidi kuliko tunavyodhani vinazaliwa kwenye sufuria yenyewe, dakika tano kabla ya kunywa.

Kesi iliyohukumiwa bila kusikilizwa

Tuanze shambani, maana huko ndiko Waganda wengi wa mijini hutupa lawama yote. Kahawa yetu ni ya aina mbili, arabika na robusta, na utasikia: arabika ni ya kunywa, robusta ni ya kuuza. Sisi wa Mbale tunapenda sana usemi huo kwa sababu mlima Elgon uko nyuma ya nyumba na arabika ni yetu. Ukiamka asubuhi unauona ukingo wa Wanale umesimama juu ya mji, na mashamba ya kahawa yako huko juu na mbele zaidi, Bududa, Sironko, Kapchorwa. Arabika ipo pia Rwenzori upande wa Kasese, na West Nile huko Zombo na Nebbi. Lakini ukiichukua kahawa yote ya Uganda, karibu sehemu nne kati ya tano ni robusta: Masaka, Mukono, Luwero, Busoga, Bushenyi.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Arabika ni mgeni. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo mibuni ya zamani ya Bugisu, huku kwetu Elgon, inaitwa Nyasaland, jina la kikoloni la Malawi, kwa sababu mbegu yake ilipitia huko. Robusta haikuletwa na mtu. Bado inaota porini katika msitu wa Kibale. Baganda, watu wa Buganda, waliijua kabla ya meli yoyote: walichemsha matunda yake pamoja na majani ya harufu, wakayakausha, na mgeni alipofika aliletewa kikapu kidogo cha *emmwanyi* atafune. Watu wawili walipokula yamini ya udugu, *omukago*, waligawana tunda moja, kila mmoja buni yake, iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwa hiyo ukimwambia Muganda wa zamani kwamba robusta si ya kutia mdomoni atakushangaa.

Kichekesho zaidi ni kwamba arabika ni mtoto wa robusta. Wataalamu wa mimea wamechunguza vinasaba wakakuta kwamba arabika ilizaliwa, zamani mno kabla ya kilimo, pale robusta ilipochanganyika na jamaa yake mwembamba wa nyanda za juu anayeitwa *Coffea eugenioides*. Ndiyo maana robusta ina kromosomu 22 na arabika ina 44. Na huyo mzazi wa pili naye anapatikana katika misitu ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. Tunamdharau baba tukimsifu mtoto.

Hilo halifanyi ladha zao zifanane. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika: asilimia 2 na zaidi ya uzito wa buni, wakati arabika ni kama asilimia 1.2 hadi 1.5. Kafeini ni chungu, lakini usiitwike mzigo wote, kwani mchango wake katika uchungu wa kikombe ni mdogo. Kikubwa ni kwamba robusta ina sukari kidogo kuliko arabika na asidi za klorojeni nyingi zaidi, na asidi hizo, zikipita kwenye moto, ndizo zinazogeuka kuwa uchungu tutakaouona mbele. Arabika nayo ina uchachu wa matunda ambao asiyeuzoea huuita kasoro. Mtu anayekunywa robusta safi anapata kitu kizito, chenye harufu ya karanga zilizokaangwa na kakao, kinachobeba maziwa bila kupotea. Robusta ya kwetu ina bahati nyingine: hulimwa kwenye miinuko ya karibu mita 1,000 na zaidi, juu kuliko robusta za nchi nyingi, na baridi ya huko huifanya iive polepole.

Basi ile harufu ya udongo, ya gunia lililolowa, inatoka wapi? Mara nyingi haitoki kwenye jamii ya mmea. Inatoka kwenye uanikaji. Robusta yetu nyingi huuzwa kama *kiboko*, yaani tunda zima lililokauka na ganda lake. Mkulima akikwangua tawi zima, mabichi, mekundu na yaliyokauka pamoja, kisha akaanika juu ya udongo mtupu na mvua ikapita, kitakachofika kikombeni ni ukungu. Tunda bichi nalo linaleta ukakasi wake. Chukua robusta iliyochumwa ikiwa nyekundu tupu na kuanikwa kwenye turubai au kwenye vichanja, iweke mbele ya mtu aliyefumba macho, uone kama atasema ni robusta. Arabika yetu nyingi hupata matunzo zaidi: humenywa ganda siku ile ile, huvundikwa, huoshwa, ndipo huanikwa. Kwa hiyo tunapolinganisha arabika na robusta, mara nyingi tunalinganisha nguo iliyofuliwa na isiyofuliwa, halafu tunasifu kitambaa.

Wewe mnywaji huwezi kwenda kumsimamia mkulima. Unachoweza ni kununua buni zilizokobolewa, ambazo wafanyabiashara wa robusta huziita *kase*, na kuzichambua mwenyewe. Mimina kwenye sinia jeupe mchana, uzichague kama unavyochagua mchele. Nyeusi, tupa. Yenye ukungu, tupa. Yenye tundu la mdudu, iliyovunjika, iliyosinyaa, tupa. Kikombe kimoja kina buni kama mia hivi, na moja iliyooza inatosha kuharibu hiyo mia. Usidanganywe na ukubwa. Biashara hupanga robusta kwa matundu ya chekeche, 18, 15, 12, na kubwa huuzwa ghali, lakini ukubwa husaidia zaidi buni kuiva sawasawa motoni. Ladha haipimwi kwa chekeche. Ndogo safi inaishinda kubwa iliyovunda.

Motoni

Mara ya kwanza nilipokaanga buni nyumbani niliazima ungo wa Hajati, nikawasha sigiri, nikaweka kikaango cha chuma, nikaanza kukoroga. Nilikuwa nimeambiwa kahawa ni nyeusi, basi nikasubiri weusi. Ulikuja. Ulikuja pamoja na moshi uliowatoa watoto wa jirani wakipiga kelele za moto, na nilichopakua kilikuwa mkaa mwingine, tofauti yake na ule wa kwenye sigiri ni kwamba huu nilikuwa nimeulipia zaidi. Nilisaga nikanywa hivyo hivyo, kwa ukaidi.

Sasa najua kilichotokea. Buni mbichi ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Moto kwanza unafukuza maji: buni inageuka kutoka kijani hadi manjano na nyumba inanuka nyasi kavu. Kisha harufu inakuwa ya mkate. Hapo sukari na protini za ndani zimeanza kuungana na kubadilika rangi, jambo lile lile linalotokea kwenye chapati. Mvuke unajaa ndani ya buni mpaka, kwenye joto linalokaribia nyuzi 200, zinaanza kupasuka. Paa, paa, paa, kama bisi. Huu ndio mlio wa kwanza, na kuanzia hapo unayo kahawa inayonyweka. Dakika moja au mbili baada yake rangi ni ya kahawia, uso wa buni mkavu, harufu tamu. Ukiendelea, utasikia mlio wa pili, mwembamba, wa haraka, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Mafuta yanatokea juu, buni zinang'aa, na sasa unachokionja ni moto zaidi kuliko kahawa.

Zile asidi za klorojeni nilizozitaja zinafuata njia hiyo hiyo. Kwenye ukaangaji wa kati hugeuka kuwa laktoni, zenye uchungu laini unaopita. Moto ukizidi, laktoni hizo nazo huvunjika na kuzaa fenilindani, uchungu mkavu unaokaa kooni hata baada ya kikombe kuoshwa. Na kwa kuwa robusta ilianza na akiba kubwa ya asidi hizo, kuiunguza robusta ni kuadhibu mara mbili. Nadhani hapo ndipo jina lake baya lilipopatikana kwa wengi wetu: kahawa iliyoanikwa vibaya, ikakaangwa mpaka nyeusi ili kuficha uanikaji, ikachemshwa ili kuficha ukaangaji.

Nikupe namna ninayofanya leo. Mkaa ukolee, usiwe na moshi. Kikaango kiwe kimepata joto kabla ya buni kuingia, na buni ziwe tabaka moja tu, kama kikombe kimoja na nusu. Mwiko usipumzike hata kidogo, kwani hapo ndipo mkono unauma na hapo ndipo watu hukosea, buni moja inabaki imelala upande mmoja na kuungua huku nyingine bado ni ya manjano. Dakika 10 hadi 15. Baada ya mlio wa kwanza kutulia, ondoa upesi, kwa sababu buni ina joto lake ndani na inaendelea kujikaanga hata ikiwa chini. Mimina kwenye ungo, pepeta uwanjani. Hakuna chombo cha dukani kinachoushinda ungo kwa kazi hii: unapoza na kurusha makapi kwa pamoja. Utashangaa zimekuwa nyepesi. Ni kweli, zimepoteza kama asilimia 15 ya uzito, maji na gesi.

Kisha ngoja. Hili ni gumu kwa mtu aliyekwisha kunusa harufu ile, lakini kahawa iliyotoka motoni imejaa gesi ya kaboni dioksaidi, na ukiimwagia maji leo itapovuka na kuyazuia maji yasiingie vizuri. Siku mbili tatu zinatosha. Usifunge chupa ikakaza siku ya kwanza.

Umri

Hapa sina mengi, maana kanuni ni moja: hewa ni adui. Kahawa nzima, iliyofungwa vizuri, hukaa na uhai wake wiki kadhaa. Iliyosagwa huanza kuupoteza saa ile ile, kwa sababu umeifungua pande zote. Unga wa kahawa uliokaa sokoni kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, jembamba, juani, hauna tena harufu ya kuiba. Ladha iliyobaki ni ya kadibodi na mafuta yaliyochacha kidogo. Niliwahi kununua vifuko vitano kwa bei ya kutupa katika duka moja nisilolitaja, nikajiona mjanja. Vifuko vinne na nusu vilikwenda kwenye mbolea ya sukumawiki.

Weka kahawa kwenye chupa inayobana, kabatini penye giza, mbali na jiko. Kwenye friji, hapana, hasa friji yenye mukene, yaani dagaa. Kahawa hunyonya harufu kuliko kitambaa, na ukishaionja kahawa ya mukene hutaisahau.

Na kahawa ya kopo, ile ya kuyeyuka? Hiyo ni kahawa ya kweli, iliyokwisha kupikwa kiwandani kwa mapipa, ikakoleshwa, kisha ikakaushwa kwa kupuliziwa hewa ya moto au kwa kugandishwa, nayo mara nyingi ni robusta. Si haramu. Ni kiporo tu, na kiporo kina siku yake. Kinachouma ni nchi inayosafirisha magunia zaidi ya milioni 6 ya kilo 60 kwa mwaka mmoja kumpokea mgeni kwa kopo lililosafiri kuja.

Sufuriani, mahali pa makosa

Tuseme sasa buni ni safi, moto ulikuwa na adabu, na kahawa ina siku nne. Bado unaweza kuiharibu, na hapa ndipo Hajati na mimi tulipokuwa tukipotea kwa miaka yote ile.

Maji hayachukui kila kitu kwa pamoja. Yakikutana na kahawa iliyosagwa, yanaanza na vilivyo vyepesi kuyeyuka: asidi na chumvichumvi. Kisha utamu na ile ladha nene. Mwisho kabisa, yakiendelea kubaki, ndipo yanapong'oa vitu vizito, vya uchungu na ukakasi. Ukiyatoa mapema mno unapata kikombe chachu, chembamba, chenye chumvi kwa mbali. Ukiyachelewesha unapata ulimi wa ndizi mbichi. Kwa kawaida kahawa nzuri ni ile ambayo maji yamechukua kama sehemu moja kati ya tano ya uzito wa unga, na mabaki mengine yote yameachwa kwenye chujio, yakatupwe kwenye maua.

Sasa fikiria tunavyofanya nyumbani. Kahawa ni ghali, kwa hiyo tunaweka kijiko kimoja kwenye sufuria ya watu watatu. Inatoka nyepesi. Tunataka iwe kali, basi tunaiacha ichemke. Inakuwa nyeusi, tunaridhika kwa macho, lakini kilichoongezeka sufuriani baada ya dakika tano za kwanza si kahawa, ni yale mabaki ambayo hayakutakiwa kutoka. Ukali hautafutwi kwa muda. Unatafutwa kwa kiasi. Ukitaka kali, ongeza unga, usiongeze dakika. Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha kahawa ya nyumba yangu kuliko chombo chochote nilichonunua, na hakuna aliyeniambia. Niliipata kwa majaribio ambayo hata wewe unaweza kuyafanya jioni hii.

Chukua kahawa ile ile. Kwenye kikombe kimoja weka gramu 15 kwa mililita 250 za maji, yaani vijiko vitatu vya mezani vilivyosawazishwa, funika dakika nne, chuja. Kwenye sufuria weka kijiko kimoja kwa maji kiasi hicho hicho na kidogo ya ziada, chemsha robo saa, chuja. Viweke mezani bila sukari. Cha kwanza kitakuwa kizito, lakini utakimeza na kutaka kingine. Cha pili kitakuwa chepesi na kichungu kwa wakati mmoja, jambo ambalo unaweza kudhani haliwezekani mpaka ulionje. Ndicho kikombe tunachokiita "kahawa kali" kwenye misiba na mikutano.

Wa pwani wataniuliza: mbona kahawa chungu ya Mombasa na Zanzibar huchemka kwenye buli juu ya mkaa na bado ni tamu kwa kashata? Ni kweli, lakini angalia vikombe vyao. Ni vidogo, unga ni mwingi, tangawizi na iliki zimeingia, na kashata imekaa pembeni ikisubiri. Pale uchungu umealikwa, una kiti chake na mwenzake wa kuzungumza naye. Kwetu huja bila mwaliko katika kikombe kikubwa cha robo lita, halafu tunaushangaa.

Usagaji ni nusu ya hesabu hiyo. Unga laini hutoa vyake haraka, chembe kubwa hutoa polepole. Kinu na mchi vinafanya kazi, nimevitumia miaka, ila vina tabia ya kutoa vumbi na mawe kwa pamoja: vumbi linatoa uchungu wakati mawe bado yana uchachu, na kikombe kinakuwa na kasoro mbili zinazogombana. Dawa ni chujio la chai. Pitisha unga, vumbi liweke kando (litafaa kwenye kahawa ya maziwa inayopikwa dakika moja), mawe yarudishe kinuni. Ukiwa na kisagio cha mkono, lenga chembe kubwa kidogo kuliko za sukari. Hicho ndicho kifaa cha kwanza ningenunua. Cha pili ni mizani ndogo ya jikoni. Mashine zinazong'aa zije baadaye au zisije.

Kuhusu maji, tuna neema ambayo watu wa pwani hawana. Vitabu vya kahawa vinasisitiza maji ya nyuzi 90 hadi 96, na huko usawa wa bahari watu husimama na kipimajoto wakisubiri maji yapoe. Lakini maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango kinashuka kwa nyuzi 1. Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo birika likipiga mluzi huko, maji yana nyuzi 96 tu. Mbale ni hivyo hivyo. Kabale, kwenye mita 2,000, ni kama 93. Kwa hiyo sisi hatuhitaji kipimajoto wala subira: yakichemka, mimina. Na mtu wa Kabale anayelalamika kwamba kahawa yake ni chachu asipoteze muda kutafuta maji ya moto zaidi, hayapo. Asage laini kidogo, au aipe dakika moja ya ziada. Maji ya bomba yakinuka dawa, yachemshe ukiwa umeacha kifuniko wazi, harufu itapungua.

Chombo cha kupikia hakina maana kubwa hivyo. Sufuria inatosha. Chemsha maji, ondoa motoni (ondoa kweli, weka chini), tia kahawa, koroga mara moja, funika. Dakika nne. Ukifunua utakuta ukoko umeelea juu. Uvunje kwa kijiko uone harufu inavyopanda, subiri unga uzame, chuja taratibu ukiacha tope chini. Na usiirudishe motoni baadaye "kuipasha". Ikipoa, inywe ikiwa baridi au iweke kwenye flaski tangu mwanzo.

Likishindikana yote, na wewe tayari umeshapika sufuria nzima na wageni wako mlangoni, chukua chumvi ncha ya kijiko. Chumvi hunyamazisha uchungu ulimini kuliko sukari inavyouficha. Kidogo sana, wasijue.

Hajati

Jumamosi alikuja, hodi, akakaa kiti chake. Nilimpikia kwa namna hiyo, gramu kwa mizani, naye akinitazama kama mtu anayepima dhahabu ya wizi. Nikamwekea. Mkono ulikuwa tayari kwenye kopo la sukari alipoonja, ukabaki huko huko.

"Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu, Hajati."

"Hii ndiyo kahawa ya mlimani. Nilikuwa nakwambia siku zote, nunua ya kwetu, ya Wanale."

"Hapana, Hajati. Hiyo ni robusta. Ya Masaka."

"Robusta? Hii wanayotafuna Baganda?"

"Hiyo hiyo."

Akaonja tena, polepole, akiiviringisha mdomoni kama anatafuta ushahidi. Nikamuuliza, ni chungu? Akasema ni chungu, ndiyo, lakini si ule uchungu. Akatia kijiko kimoja cha sukari, kimoja tu, akakoroga, akanywa mpaka kwenye tope.

"Nzuri," akasema, akiweka kikombe. "Na ungo wangu, mwanangu, utaurudisha lini?"